Siku Tatu South Bend

Siku hizi katika nyumba nyingi za Wakristo yupo mtoto au ndugu aliyekwenda Marekani kusoma au kufanya kazi, naye huandika nyumbani kwamba Jumamosi alikuwa kwenye mpira. Wazazi hudhani ni mpira ule wanaoujua. Sivyo. Ni mchezo mwingine, na siku yake katika miji ya vyuo ni kama sikukuu. Sisi tulipata nafasi ya kuiona siku hiyo mwezi wa Oktoba katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Tulikuwa marafiki watano, tuliosoma pamoja chuo cha ualimu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Twaandika habari hizi ili wazazi wazijue, na vijana walio huko wajifunze kupanga safari ya namna hii bila kupoteza fedha wala kupoteza rafiki.

Mji na Chuo

Mji huu umepata jina lake kwa mto. Mto St. Joseph hufika hapo, ukapinda na kugeuka kwenda kaskazini, hata kumwaga maji yake katika ziwa kubwa la Michigan. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wenyeji walikuwa kama 103,000. Zamani ulikuwa mji wa viwanda. Ndugu wa ukoo wa Studebaker walifungua karakana yao hapo mwaka 1852, wakaunda magari ya kukokotwa na farasi, na baadaye motokaa. Kiwanda kilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1963, maelfu ya watu walikosa kazi. Leo iko nyumba ya makumbusho ambamo magari yale yamewekwa, nayo yafaa kuonwa siku ya Ijumaa, kabla ya msongamano.

Chuo kiko kaskazini ya mji, nacho chaitwa Notre Dame. Kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Shirika hilo si geni kwetu watu wa Afrika ya Mashariki, kwa maana wamisionari wake walifika magharibi ya Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961. Mwezi wa Aprili 1879 jengo kuu la chuo liliteketea kwa moto. Likajengwa tena kwa haraka ya ajabu, hata wanafunzi wakarudi madarasani kabla mwaka ule haujaisha. Juu ya jengo hilo liko kuba lililofunikwa kwa dhahabu, na juu ya kuba imesimama sanamu ya Bikira Maria. Msafiri huliona kwa mbali likimetameta.

Mchezo Wenyewe

Mpira wao una ncha mbili, mfano wa yai lililochongoka, na mara nyingi huchukuliwa mikononi. Kila upande hutia watu 11 kiwanjani, wamevaa chapeo na ngao za mabega. Chapeo za Notre Dame ni za rangi ya dhahabu, kwa ajili ya lile kuba. Uwanja una urefu wa yadi 100. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu, wapewa nafasi nne nyingine. Wasipofaulu, mpira huwa wa wenzao. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni alama 6, na kuupiga kwa mguu upite katikati ya miti miwili ni alama 3. Saa ya mchezo ni dakika 60 tu, lakini kwa kusimama na kuanza tena, hupita muda wa saa tatu na zaidi.

Aliyekipa chuo hiki sifa katika mchezo ni mwalimu Knute Rockne, aliyeongoza timu tangu mwaka 1918 hata 1930. Uwanja wa sasa ulifunguliwa mwaka 1930. Mwaka uliofuata yeye akafa katika ajali ya eropleni huko Kansas. Liko na jambo lingine lililotupendeza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanafunzi walipungua sana, na jeshi la majini la Marekani likakitumia chuo kufundishia maofisa wake. Fedha zile zilikisaidia chuo kusimama. Timu ya chuo cha jeshi hilo ilikuwa ikicheza na Notre Dame tangu mwaka 1927, na baada ya vita Notre Dame hawakutaka kuuvunja mchezo huo, ijapokuwa kwa miaka mingi walikuwa na nguvu kupita wenzao. Mpaka sasa umekosekana mara moja tu, mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona. Wema hauozi.

Jinsi Tulivyopanga

Uwanja huchukua watu zaidi ya 77,000. Msomaji na alinganishe hesabu hiyo na ile ya wenyeji wa mji, ataona mara moja kwa nini malazi ni taabu. Nyumba za wageni hupandisha bei, na nyingi hazikubali mtu wa usiku mmoja. Ni lazima alipe siku mbili. Tena, michezo ya nyumbani ni sita au saba tu kwa mwaka. Kwa hiyo tulianza kuandikiana mwezi wa Juni.

Mmoja wetu akaa Chicago, na wawili tulikuwa tumetumwa hapo kwa masomo ya miezi sita. Wa nne asoma shahada ya juu Notre Dame penyewe. Wa tano akaa Indianapolis na familia yake. Mwenzetu wa Chicago, mtu mkarimu mwenye kazi nzuri, alileta shauri la kwanza: tukodi nyumba kubwa karibu na chuo, tuchukue viti vizuri, tena katika mchezo ambao mgeni wake ni timu yenye jina kubwa. Tulipopiga hesabu, gharama ilikuwa nzito. Hata hivyo wanne tulisema, "Vema." Yule wa Indianapolis alikaa kimya siku tatu, kisha akaandika kwamba amebanwa na kazi, twende salama bila yeye.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mkubwa wetu kwa umri, aliyemjua tangu utoto, alisema kwamba haamini kuwa sababu ni kazi. Mwenzetu wa Chicago akasema hapo hapo, "Basi mimi nitamlipia." Mkubwa wetu akamjibu, "Ndugu yangu, moyo wako ni mwema. Lakini ukimlipia atakuja kama mgeni wako, na sisi twataka aje kama ndugu. Tusimwongezee yeye fedha, tupunguze safari."

Ndivyo tulivyofanya. Kila mtu alimwambia mweka hazina peke yake kiasi anachoweza kutoa bila nyumba yake kuumia, na mweka hazina asimwambie mwingine. Kiasi kilichokuwa kidogo kuliko vyote, ndicho kilichofanywa mchango wa kila mmoja. Mweka hazina akatangaza: dola 200 kwa mtu, jumla dola 1,000, wala hapana atakayeongeza hata senti. Yule wa Indianapolis akaandika siku ile ile kwamba kazi imempa nafasi.

Dola 1,000 zikatulazimisha kuwa na akili. Tuliacha mchezo wa jina kubwa, tukachagua Jumamosi ambayo mgeni hakuwa timu mashuhuri, na tikiti tano zikapatikana kwa dola 300. Malazi tulipata mji wa Elkhart, mwendo wa kilomita kama 25 kutoka South Bend, vyumba viwili siku mbili, dola 440. Safari na maegesho tukaweka dola 130, na chakula dola 130. Mweka hazina aliandika kila senti, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenzetu msomi wa chuo alituonya juu ya mambo matatu. La kwanza ni saa. Chicago na South Bend hazifuati saa moja: ikiwa saa nane Chicago, South Bend ni saa tisa. Watu wengi wametoka Chicago kwa hesabu nzuri wakakuta mchezo umekwisha anza. La pili, tikiti za siku hizi si karatasi. Zimo ndani ya simu, na simu isiyo na moto ni sawa na tikiti iliyopotea. La tatu, mlangoni hawaruhusu mfuko ila ule unaoonyesha vitu vilivyomo ndani.

Jumamosi

Siku ya Ijumaa sisi watatu tulipanda garimoshi la South Shore, litokalo katikati ya Chicago hata uwanja wa ndege wa South Bend, mwendo wa saa mbili au zaidi kidogo. Ndugu yetu wa Indianapolis alitungoja hapo na motokaa yake, akatukumbatia mmoja mmoja bila kusema neno.

Asubuhi ya Jumamosi tuliona ajabu ya watu. Katika viwanja vya kuegesha, kila jamaa wamefungua nyuma ya gari lao, wameweka meza na jiko, wanachoma nyama na kukaribisha wapitao. Wazee waliomaliza masomo zamani huja na wana wao na wajukuu wao. Wanaume wa chama cha Knights of Columbus huchoma nyama na kuiuza ndani ya mkate, na faida huwa ya kusaidia wahitaji. Walakini tuliona na vijana waliolewa kabla ya saa sita mchana. Watu wa pale bado hukumbuka sajini mmoja wa polisi, Tim McCarthy, ambaye tangu mwaka 1960 hata 2015 alizungumza katika kipaza sauti cha uwanja kila mchezo, akiwaonya watu wasiendeshe magari wakiwa walevi. Alimalizia kwa maneno ya mzaha, na uwanja mzima ulinyamaza kumsikiliza. Alifariki mwaka 2020. Mwalimu anayetaka kujifunza kuonya bila kuchosha, na amfikiri mtu huyo.

Mchezo ulianza saa tisa na nusu. Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, na baridi ilituuma. Lakini kutoka juu mtu huona mpango wote wa mchezo, jinsi watu 11 wanavyofungua njia kwa mmoja. Wenyeji walishinda. Ilipotimia saa moja jioni makutano wakaanza kutoka, nasi hatukukimbilia gari. Tulimfuata msomi wetu mpaka kwenye pango la Bikira Maria, lililojengwa mwaka 1896 kwa mfano wa lile la Lourdes, karibu na ziwa la chuo. Mishumaa mingi ilikuwa inawaka, na watu wamesimama kimya, wengine bado na nguo za mchezo.

Hapo, tulipokuwa tumeketi kwenye benchi, ndugu yetu wa Indianapolis alitueleza habari zake. Mke wake alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa Machi. Yeye mwenyewe alipunguziwa saa za kazi, na hakumwambia mtu yeyote, hata nyumbani Afrika, kwa kuwa huko wote humtegemea. Alisema, "Nilipoona hesabu ya kwanza, nilijua kwamba nitawapoteza na ninyi." Hatukuwa na maneno mengi. Tulisali pamoja, kisha tukapanga kwa zamu nani atampigia simu siku gani, na nani atakwenda kumsaidia mgonjwa. Jumapili tulisali katika Basilika ya Moyo Mtakatifu, tukala pamoja, tukaagana. Mweka hazina alifunga daftari: zilibaki dola 11, tukamnunulia shemeji yetu matunda.

Mashauri kwa Vijana

Anzeni mapema, miezi mitatu au minne kabla ya safari. Chagueni mchezo wa mchana na mgeni asiye na jina, ndipo bei hushuka. Lalaneni mji wa jirani. Hakikisheni saa. Wekeni mweka hazina mmoja, na daftari.

Lakini zaidi ya yote, mmoja akinyamaza wakati wa kutaja fedha, msiendelee kupanga. Rudini nyuma mpaka hesabu itakapomfikia yeye. Kiti cha juu kabisa uwanjani hakikutupunguzia kitu. Kiti kitupu cha ndugu kingalitupunguzia vyote. Nanyi wazazi, mtoto akiwaandikia kwamba alikwenda kwenye mpira, msimwulize tu nani alishinda. Mwulizeni alikwenda na nani, na kama wote walirudi na amani.