Bashrafu Kwanza

Sisi watoto wa Mji Mkongwe wa Zanzibar tuliisikia okestra kabla ya kuiona. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa 1905, ilikuwa ya babu zetu, na usiku wa mazoezi madirisha yaliachwa wazi kwa sababu ya joto. Tulikaa nje. Hakuna aliyetufukuza, wala aliyetukaribisha.

Kilichotushika si nyimbo, ni bashrafu, ile ya kufungulia isiyo na maneno: fidla zote zinakwenda pamoja, nyuzi za ganuni zinachezea juu, besi inatembea chini. Ilitujia kupitia Misri. Sultani wetu, Sayyid Barghash, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Miaka mingi baadaye filamu na redio za huko zikawatia wazee hamu ya kuongeza fidla, selo na besi, nao wapate kishindo cha okestra za Abdel Wahab na Umm Kulthum. Wengi walipiga kwa sikio tu. Ukitaka kujifunza, ulikaa nyuma ya mmoja wao ukimtazama mkono, mpaka siku atakapokupa fidla uishike.

Miaka ya 1990 kinanda cha umeme kikapunguza watu jukwaani. Kwa rusha roho, ile taarab mpya ya kuchezwa, wapigaji wachache walitosha harusi nzima. Sina ugomvi nayo, nimeicheza kama wengine. Ila wanangu walikua wakijua fidla ni sauti inayotoka ukibonyeza kitufe.

Mwaka 2002 kikafunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na noti zikaanza kufundishwa pamoja na maqam, zile ngazi za sauti za Kiarabu. Vizuri. Lakini nilipopata wanafunzi wangu niliona wanaweza kupiga skeli safi kabisa bila kujua ni ya kazi gani. Nikawapeleka mazoezini kwa wazee, ndani, wakae katikati ya vyombo.

Msichana mmoja akaduwaa mbele ya besi. "Shikamoo babu. Fidla hili kubwa la nani?"

"Marahaba mwanangu. Weka kiganja hapa ubavuni." Mzee akadonoa uzi mzito. Mtoto akaruka, akacheka, akarudisha kiganja palepale. Bashrafu ilipoanza hakukiondoa. Wiki ile sikuhitaji tena kumweleza mtu kwa nini fidla zote zivute uta upande mmoja.

Wazee wengine hunung'unika kwamba watoto wa noti wanaikodolea macho karatasi na kumsahau mwimbaji. Kweli, baadhi yao ndivyo walivyo. Lakini ni hao hao wanaoandika bashrafu ambazo wazee wanazo kichwani tu. Yule msichana hukaa na penseli, mzee anapiga kipande kwa kipande, na wakifika kwenye sauti iliyo katikati ya vitufe viwili vya kinanda, ugomvi unaanza. Mzee anasema ameandika siyo. Msichana anasema jana babu hakupiga hivi. Nilikuwepo jana, hakupiga hivi.