Kikombe na Mkono wa Mtoto

Mtoto wetu aliungua mkono kwa uji wa moto. Yaya aliupaka samli, akaufunga kitambaa, akanyamaza mpaka jioni. Laiti angaliumwagia maji baridi mfululizo kwa dakika 20, maumivu yangalipungua. Nalitaka kumfukuza, lakini nikakumbuka ya kuwa juma lililotangulia nilimkata mshahara kwa ajili ya kikombe kimoja kilichovunjika. Mimi ndimi niliyemfundisha kuficha! Nikamrudishia fedha yake, tukaweka sheria mbili. Ya yaya: likitokea baya, sema mara moja. Ya wenye nyumba: asemaye kweli asiadhibiwe kwa kuisema. Juzi mtoto alianguka kizingitini. Yaya akanijia mbio, akanieleza yote. Basi, tumwachishe yaya hofu kabla ya kumdai uaminifu.