Siku Niliyokabidhiwa Mashine

Ndugu msomaji, usimcheke mwana wa pwani aliyeshindwa na maji ya mlangoni mwao. Likizo ya Agosti iliyopita tulikuwa twarudi Lamu kutoka Pate. Tulipokwisha kuvuka Mkanda, mjomba akanikabidhi mkono wa mashine. Maji yalikuwa yanakupwa, tena ni bamvua, siku ambazo mkondo hukimbia hasa.

Mbele ya mji mashua nyingi zilikuwa zimetia nanga. "Hapa hatutaki wimbi," mjomba akasema. Nikapunguza moto nusu. Lahaula! Omo ikainuka, tezi ikadidimia, na wimbi tulilokokota nyuma likawa kubwa kuliko la awali! Boti yetu ikikimbia sana huteleza juu ya maji. Ikienda polepole kabisa huyakata taratibu. Mwendo wa katikati ndio unaolima bahari. Mzee mmoja aliyekuwa akipakua nazi, dau lake liliingia maji. Maneno aliyonirushia siyaandiki, mwalimu mlezi atayafuta.

Kwa aibu nikatoa gia kabisa. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Nilidhani tumesimama, kumbe mkondo watubeba. Nikazungusha mkono kushoto, kulia, wapi! Mashine ya nje haina shikio. Rafadha isipozunguka, huna usukani. Hata jahazi lenye shikio lingekaidi, maana shikio hutaka maji yapite kandoni mwake, nasi tulikuwa tukienda sawasawa na maji. Mkondo ukiwa noti 3, aliye gatini akuona wakimbia noti 3, na majini hujasogea hata shubiri.

Ubavu wetu ukawa waelekea mashua iliyofungwa. "Mwanangu, tia gia!" Kabla sijajibu mjomba alikwisha kuupokonya mkono, akaielekeza omo kwenye mkondo. Mashine ikanguruma kidogo tu, na boti ikatii kama punda aliyezoea njia. Ukienda noti 4 dhidi ya mkondo wa noti 3, gati laona wasogea noti 1 tu, lakini usukani unao, na wimbi ni dogo. Ndivyo tulivyofika.

Baadaye nilisoma kwamba kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini hazikutaja namba yoyote. Zataka mwendo wa salama, na mkondo ni miongoni mwa mambo ya kupimwa. Mjomba hajazisoma.

Tulipofunga kamba akanipa ndoo, akanionyesha dau la yule mzee kwa kidevu. Nilifua maji mpaka adhana ya alasiri. Mzee hakunisemesha, ila nilipoondoka alinitupia dafu moja.