Wino wa Pili

Nilipelekwa meza ya vizazi na vifo kwa sababu ya mwandiko. Ilikuwa miaka ya 1980, katika ofisi ya wilaya mkoani Mbeya, na mzee aliyekuwa akistaafu alitaka kumwachia kalamu mtu ambaye herufi zake zingesomeka hata na wajukuu. Alinikabidhi madaftari, kisha akaniambia, "Mwanangu, soma kwanza ukingo, ndipo usome mstari." Sheria ya usajili iliyotungwa mwaka 1920, zama za Mwingereza, haikutaka maelezo yafutwe. Kosa likithibitishwa kwa kiapo, msajili huandika sahihisho ukingoni, akaweka tarehe na saini, na maneno ya awali yakabaki yanasomeka. Ndiyo maana nimeipenda kazi hii. Daftari lililotunzwa vizuri halimnyang'anyi kauli yule aliyesema kwanza.

Shida ipo kwenye faharisi. Faharisi iliandikwa kwa jina la siku ya usajili. Sahihisho lilipokuja miaka ishirini baadaye liliingia kwenye daftari, faharisi ikaachwa ilivyo. Mtu anafika dirishani na jina analotumia kazini na kanisani, karani anapitisha kidole, anamjibu hayupo. Nimeona watu wazima wakitoka pale kama waliofiwa. Nikajizoesha kuuliza, "Kabla ya shule uliitwa nani? Na darasa la saba ulifanya mara ngapi?"

Swali la pili liliwashtua wengi. Kurudia darasa la saba kulikatazwa, lakini aliyekosa nafasi ya sekondari aliweza kupelekwa kwa ndugu, wilaya nyingine, akakalia dawati la mtoto aliyeacha shule na kufanya mtihani kwa jina la mwenzake. Akifaulu, jina hilo ndilo lililomfuata kwenye vyeti, ajira na pensheni. Kizazi chake kikabaki chini ya jina la kwanza, au kikasahihishwa kwa kiapo cha mjomba. Mtafiti wa ukoo asiyeijua desturi hii huhesabu watu wawili, na mmoja wao humwandika kuwa alikufa utotoni.

Kwa hiyo tarehe ya wino wa pili, ule wa ukingoni, huniambia mengi kuliko wino wenyewe. Ndivyo ilivyo hata kwa usajili uliochelewa: kizazi cha 1958 kilichosajiliwa 1979 hakiwezi kuwa ushahidi wa mkunga. Ni ushahidi wa familia mwaka 1979. Walihitaji nini mwaka ule? Ajira, pasipoti, mirathi? Siku hizi Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi hudai cheti kilichohakikiwa, na msimu wa maombi ukifika masahihisho humiminika.

Baadaye nilihamishiwa Iringa, nikakutana na fumbo jingine. Kwa Wahehe na Wabena, jina la ukoo la binti linaweza kuanza na Se-, tofauti na la kaka yake. Karani mgeni akiona watoto wa baba mmoja wana majina mawili, hudhani kuna kosa, akalisahihisha la binti lifanane na la kaka. Sahihisho la namna hiyo lilificha alama ambayo bibi zetu waliitambua papo hapo.

Ukitafuta watu wa zamani zaidi, madaftari ya serikali hayakusaidii sana, kwa kuwa kwa miongo mingi usajili haukumlazimu Mwafrika. Inabidi uende misheni. Huko mikono hubadilika na historia: Rungwe, Wamoravian wa Kijerumani waliofika 1891, kisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waskoti wa Livingstonia, kisha Wajerumani tena; Tosamaganga, Wabenedikto, na kuanzia 1919 mapadre Waitaliano wa Consolata. Mjerumani aliandika Muankenja pale tunapoandika Mwankenja. Hilo si badiliko la jina, ni sikio la mgeni.

Kazi iliyonishika kuliko zote ilikuwa ya dada mmoja aliyefuatilia ukoo wa babu yake Tukuyu. Katika daftari la ubatizo, jina la baba wa babu huyo lilikuwa limekatwa kwa mstari mwembamba, juu yake limeandikwa jina la babu mzaa mama. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, jina lile lililokatwa limerudishwa. Dada alitaka nimwambie lipi la kweli. Alihofia kwamba mama wa babu yake alikuwa ameaibishwa.

Tulikwenda kwa mzee wa ukoo. Nikamwamkia, nikamwonyesha nakala. Aliitazama kwa muda, akauliza, "Ng'ombe walifika lini?" Baba yule alikuwa amekwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, na mahari ilikuwa haijakamilika. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, ng'ombe ndio waliomhamishia mtoto kwenye ukoo wa baba. Wasipofika, mtoto ni wa kwa mama yake. Hakuna aliyebishana nani alimzaa. Baba aliporudi akalipa, na mzee wa kanisa, ambaye hakuthubutu kutia wino juu ya mwandiko wa mchungaji, akachukua kalamu ya risasi. Nilimwandikia dada majina yote mawili kwa mpangilio wake, pamoja na sababu.

Mwaka 2013 Mbeya ilianza usajili wa bure wa watoto wa chini ya miaka mitano, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu. Iringa na Njombe zikafuata baadaye. Nilifurahi mno. Lakini madaftari ya zamani yanapoingizwa kwenye kompyuta, ninawasihi vijana wasiache ukingo. Mmoja alinionyesha skrini: nafasi ya jina la baba ilikuwa moja tu. Nikamwomba aandike la awali hapo, na sahihisho, pamoja na tarehe yake, kwenye sehemu ya maoni. Akaanza na ukurasa uliokuwa mbele yake.