Maji meupe bado si maji salama

Kisangani – Mama mmoja aliyekimbia Lubunga mwaka 2023, wakati wa mapigano kati ya Wambole na Walengola, angali anateka maji ya mto Kongo. Jioni anafunika ndoo na kukataza watoto wasiiguse. Asubuhi matope yamelala chini. Anaiinamisha polepole juu ya sufuria. Matope yakianza kusogea, anaacha. Masalio anayamwaga.

Zamani aliishia hapo. Kisha mtoto wake wa mwisho akaharisha siku 3. Maji yalikuwa meupe, lakini vidudu havionekani kwa macho. Sasa anayachemsha mpaka yatokote, hata makala yakiwa ghali. Majirani anawaambia: kumimina kunaondoa matope, moto unaondoa ugonjwa.