Beni: kaske ya dola kumi, na jina la kijiji lisikike vizuri

BENI. Katika nyumba nyingi za mji wa Beni zilizopokea wakimbizi wa vita, redio ni kitu cha lazima, na pia ni chanzo cha manung'uniko. Saa ya habari za jioni ndiyo saa ya kulaza watoto. Mwenye nyumba anataka kupumzika, na mgeni anataka kujua kama njia ya kwenda shambani imefunguka. Ndiyo maana kaske, ile ya kufunika sikio zima, inatafutwa katika soko la Kilokwa hata na watu ambao hawana pesa ya kuchezea.

Mmoja wao ni mama mkulima wa kakao aliyetoka upande wa Mbau. Yeye na watoto wake wanne wanaishi kwa wifi yake katika komini ya Mulekera. Nyumba ina vyumba viwili na watu tisa. Kwa mchana anauza mafuta ya mawese kwa kipimo kidogo kidogo. Simu yake ni ya vitufe, na ina redio ndani. Kwa muda mrefu alikuwa anatoka nje na kusimama chini ya mwembe ili asikilize habari bila kuamsha mtoto wa wifi. Mvua ikinyesha, hasikii kitu. Hakuna aliyemfukuza na redio yake, lakini mgeni mwenye akili hangoji aambiwe.

Aliweka faranga kidogo kidogo mpaka zikatimia dola kumi. Kwa mtu wa mshahara, dola kumi ni kitu cha kawaida. Kwake yeye ni unga, sombe na chumvi ya siku kadhaa. Kwa hiyo swali lake lilikuwa swali la kweli: kaske ya bei hiyo inasikika namna gani, na itaishi muda gani?

Sauti ya mtu kwanza

Kijana wa kibanda alimvisha kaske nyeusi yenye taa za rangi, akafungulia ndombolo kwa sauti ya juu kabisa.

— Mama, sikia besi hiyo! Hiyo ni original.

— Mtoto wangu, mimi sitafuti besi. Niwekee habari.

Jibu hilo ndilo mwanzo wa kupima vizuri. Kaske nyingi za bei ndogo hutengenezwa kwa namna ya kuongeza besi, kwa sababu besi ndiyo inayomvutia mnunuzi katika nusu dakika ya kwanza. Mziki unaonekana mnene, mtu anafurahi, anatoa pesa. Lakini neno la mtu linasikika wazi kwa sababu ya herufi kama s, f, k, t na v, na nguvu ya herufi hizo iko juu, hasa kuanzia mitetemo 2.000 kwa sekunde na kupanda. Besi ikivimba, inazifunika. Mtangazaji anakuwa kama mtu anayesemea ndani ya pipa.

Kwa mama huyu jambo hilo si la kujifurahisha. Mamove iko upande wa Oicha. Maboya iko kwenye njia ya Butembo. Mtu akisikia nusu ya jina, anaweza kuogopa njia iliyo salama au kwenda kwenye njia mbaya. Kwa hiyo alijaribu kaske tatu kwa kusikiliza majina tu. Ile yenye taa ilimchanganya mara mbili. Ya pili ilikuwa kali, kila s ilimchoma sikio kama sindano. Ya tatu haikuwa na besi ya kusifiwa, lakini kila jina lilitoka kamili.

Maneno ya kwenye boksi hayasaidii sana. Karibu zote zimeandikwa kwamba zinatoa kuanzia mitetemo 20 mpaka 20.000. Hiyo ni mipaka ya sikio la kijana mwenye afya, na kuiandika kwenye karatasi ni rahisi. Boksi halisemi ni sauti gani imezidishwa na ni ipi imepunguzwa. Tena redio ya FM yenyewe hupeleka sauti mpaka karibu 15.000 tu. Jina kubwa lililochapwa kwenye kikombe halithibitishi kitu pia, maana jina linachapwa kwa rangi na yeyote mwenye mashine.

Kufunga sikio

Kaske ziko za aina mbili. Zile za wazi zina matundu nyuma ya kikombe. Sauti inatoka na kelele za nje zinaingia. Zile za kufungwa zina mgongo mzima. Kwa nyumba ya watu tisa, ni hizo za kufungwa zinazofaa, kwa sababu mtoto aliyelala kando hasikii habari, na mwenye kusikiliza hasumbuliwi sana na mazungumzo ya chumba cha pili.

Lakini mgongo mzima hautoshi. Kazi yote iko kwenye sponji inayogusa ngozi. Ikibaki nafasi ndogo, besi inakimbia na kelele zinaingia. Kipimo chake hakina gharama: vaa kaske, sikiliza, halafu bonyeza vikombe polepole kwa mikono miwili. Kama sauti inabadilika sana na kuwa nzito, kaske haikai vizuri kichwani mwako. Mama alifanya hivyo akiwa amevaa kitambaa cha kichwa, na tofauti ilikuwa kubwa. Alipokisogeza kitambaa nyuma ya masikio, sauti ikajaa. Ni hivyo hivyo kwa mwenye kusuka nywele nene au kuvaa miwani. Kaske nzuri kwa jirani inaweza kuwa mbaya kwako, na hakuna aliyedanganya.

Kuna pia mpaka ambao pesa ndogo haiuvuki. Vikombe vya kufungwa hupunguza vizuri sauti nyembamba: vyombo vinavyogongana, watoto wanaocheza, sehemu kubwa ya mvua kwenye mabati. Sauti nzito, kama mungurumo wa grupu la umeme au kinu cha unga, hupita karibu kama zilivyo. Muuzaji akisema kaske ya dola kumi inazima kelele zote, anauza maneno.

Pande mbili, waya mmoja

Fundi wa redio anayekaa karibu na soko alimwonyesha mama mambo mengine, bila kumtoza kitu.

La kwanza ni kosa linalofanya watu watupe kaske nzima. Redio nyingine ndogo zina tundu la mono. Ukichomeka kaske ya stereo, sauti inatoka upande mmoja tu. Kabla ya kulaumu kaske, ijaribu kwenye simu.

La pili ni kinyume chake, yaani kaske mbovu inayoonekana nzima. Ndani ya waya kuna njia ya kushoto, njia ya kulia na njia ya pamoja ya kurudi. Hiyo ya pamoja ikikatika, pande zote mbili bado zinatoa sauti, lakini kile kilicho katikati kinafutika. Kwenye wimbo, mwimbaji anapotea na ala zinabaki kama ziko kisimani. Mnunuzi wa haraka atadhani ni ladha ya mziki. Kwenye habari, mtangazaji karibu anatoweka. Hii ni sababu nyingine ya kupima kwa sauti ya mtu.

La tatu ni kutikisa waya penye jaki na pale unapoingia kwenye kikombe, huku sauti ikitoka. Ikikwaruza au kukatika, iache. Kaske nyingi hufa mahali hapo, wakati sumaku na utando wa ndani bado ni wazima kabisa.

La nne linawahusu zaidi wasikilizaji wa redio. Kwenye simu nyingi, waya wa kaske ndio antena ya FM. Mawimbi ya FM karibu na 100 MHz yana urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75; kwa hiyo waya wa kawaida wa mita moja na kitu unayashika vizuri. Kaske ya bluetooth haina waya huo. Inapendeza shingoni, lakini simu ya namna hiyo itakataa kufungua redio mpaka uchomeke waya wa kitu kingine. Tena kaske ya bluetooth inadai moto wake yenyewe, na kila mtu anajua foleni ya kushariji simu inavyokuwa umeme ukikosa. Ya waya haidai chochote zaidi ya simu.

Za bei kubwa ni bora?

Ndiyo, lakini si kwa kila kazi. Studio nyingi za redio duniani zinatumia Sony MDR-7506, kaske ya kufungwa iliyotoka mwaka 1991. Inasifiwa kwa sababu inaonyesha kila kosa la sauti, na vipande vyake vinabadilishwa. Chini yake kuna Audio-Technica ATH-M20x, ya bei nafuu kwa anayeanza kazi ya sauti. Lakini waya wa M20x una mita 3. Mezani ni jambo jema. Chumbani penye watu tisa, mtu ataukanyaga usiku wa kwanza. Halafu kuna namba ya ohm. M20x ina 47, na MDR-7506 ina 63. Simu ndogo huwa na nguvu kidogo, na kwa kawaida kaske ya 16 mpaka 32 inapata sauti ya kutosha bila kusukuma simu mpaka mwisho.

Kwa hiyo thamani haiko kwenye bei peke yake. Kaske ya dola tano inayokufa baada ya miezi miwili inagharimu dola thelathini kwa mwaka. Ya dola kumi yenye waya wa kuchomoa, ukikatika, unanunua waya tu. Kama waya hauchomoki, angalia kama kikombe kina skrubu. Chenye skrubu fundi anakifungua na kulehemu. Kilichobandikwa kwa gundi kinavunjika kinapofunguliwa.

Masikio, na sikio la nje

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Kwa watoto kipimo ni 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unakatika nusu. Simu ya vitufe haionyeshi desibeli. Kanuni ya nyumbani ni hii: kama aliye mbele yako anakusemesha kwa sauti ya kawaida na husikii hata kidogo, au kama yeye anasikia redio yako, punguza. Hapo kaske inayoziba vizuri inalinda masikio, kwa kuwa haikulazimishi kupandisha sauti ili kushindana na kelele. Na ikizungushwa kati ya watu wengi, sponji ifutwe, na mwenye kidonda au usaha sikioni aiache kwanza.

Jambo la mwisho hakuna boksi linaloliandika. Katika sehemu zetu, usiku watu husikiliza pia nje: mbwa wanaobweka pamoja, mlio wa risasi, jirani anayegonga mabati. Kaske inayofunga vizuri inafunga na hayo. Kadiri inavyokuwa nzuri, ndivyo inavyomtenga mtu. Mama huyu alilifikiri hilo kuliko bei. Aliamua kuacha upande mmoja nyuma ya sikio kila anaposikiliza usiku, hata kama sauti inapungua uzuri. Aliamua pia kwamba hakuna mtu atakayelala nayo kichwani, wala mtoto wake mkubwa anayependa mziki.

Alichukua ile ya tatu, isiyo na taa, kwa dola tisa baada ya kujadili bei. Fundi alimwonyesha namna ya kuzungusha uzi na mpira penye jaki ili waya usikunjike. Wifi yake, ambaye hakuwahi kulalamika, sasa ndiye anayemkumbusha saa ya habari. Mama anasikiliza peke yake, pembeni ya kitanda, na akimaliza anavua kaske na kuwaeleza watu wa nyumba kwa sauti ya chini: kwanza jina la kijiji, halafu njia, halafu kile ambacho redio haikusema, ili mtu asikiongeze kwa kichwa chake.