Matofali Mawili Chini ya Ngazi

Tanga

Kwa mpwa mpendwa,

Bibi yako magoti bado yanamsumbua, mama yako ameshavuna mihogo, na mdogo wako ameanza kidato cha tano. Mengine watakueleza wenyewe.

Kilichomtia mjomba wako kalamu mkononi ni ile picha. Shangazi yako aliikuta kwenye simu, uliiweka mwenyewe, akaja nayo barazani kwa furaha: kijana wao yuko saiti Goba, kifua wazi, karai la zege begani, mkono wa pili hewani anaisalimia kamera, na miguu yote miwili iko juu kabisa ya ngazi. Waliokuwepo walitazama uso. Mjomba wako aliiomba simu, akaikuza picha upande wa chini, akaangalia ngazi imesimama juu ya nini.

Imesimama juu ya matofali mawili. Kila mguu umewekewa tofali la saruji lililosimamishwa wima, ili ngazi fupi ifike kwenye slabu. Ngazi yenyewe ni milunda miwili na vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari kwa mbele. Kipandio cha tatu kutoka juu kimeshainama upande mmoja. Ncha za ngazi zinaishia palepale penye ukingo wa slabu, hazizidi hata shibiri. Kamba haionekani popote.

Halafu kijana wa jirani alikuja kwa sikukuu, naye akaongeza la kwake. Anasema hapo saiti unasifika kwa kupanda bila kushika, na kwamba msimamizi hukupa elfu mbili zaidi ya vibarua wenzako kwa ajili hiyo. Kama ni uongo, useme. Simu hupokei, ndiyo maana imekuja barua.

Mjomba wako hakulaumu kwa kufanya kibarua. Yeye mwenyewe aliingia Kariakoo akiwa saidia fundi, akatoka akiwa seremala wa kufunga mbao za slabu, na katika miaka yake yote hakuna aliyeanguka kwenye ngazi iliyotoka mikononi mwake. Ngazi zake hazikuwa na kipandio kilichopigiliwa juujuu. Alichonga kitako kwenye mhimili, kipandio kikakaa ndani, ndipo msumari ukafuata. Uzito wa mtu ukabebwa na mbao, msumari ukabaki na kazi ya kuzuia tu. Wala hakuipaka ngazi rangi, maana rangi huficha ufa. Mafundi wengi wa sasa wanaona hayo ni kupoteza muda, na ndiyo sababu vipandio vyao vinainama kama hicho cha kwenye picha.

Lakini ubora wa ngazi hautoshi. Hapo ndipo anapotaka usome polepole.

Miaka ya tisini, kwenye jengo la ghorofa nne, palikuwa na fundi plasta kutoka Muheza, rafiki mkubwa wa mjomba wako. Alikuwa mtu makini, havuti bangi, hachezi kazini. Asubuhi alifanya kazi upande wa nje, ngazi ikiwa imechimbiwa kidogo kwenye udongo, na haikutikisika hata mara moja. Baada ya chakula msimamizi akamtaka amalizie ukuta wa ndani, pale ngazi za kudumu zitakapojengwa. Chumba kile kilikuwa kimeshapigwa sakafu ya niru, laini, na kwa kuwa saruji ilikuwa bado changa vijana walikuwa wanaimwagilia maji. Fundi akaomba jukwaa. Akajibiwa kwamba mbao za jukwaa ziko ghorofa ya juu na kazi yenyewe ni ya saa moja tu. Nafasi ilikuwa finyu, ngazi ikabidi ilazwe zaidi ili ikwepe rundo la mbao. Akapanda na ndoo ya plasta mkononi.

Kipandio cha kwanza, cha pili, cha tano, ngazi imetulia. Alipokaribia juu na kunyoosha mkono na mwiko wake, miguu ya ngazi ikateleza nyuma kwenye niru kwa mkupuo mmoja. Hakuanguka kutoka mbali. Zilikuwa kama mita tatu. Alitua kwa mgongo juu ya ndoo yake mwenyewe. Hapakuwa na damu. Alikuwa macho, anaongea, akamwambia mjomba wako: miguu siisikii.

Kilichofuata ndicho kinachomuuma mjomba wako mpaka leo. Wenzake, kwa huruma kabisa, walimshika mikono na miguu, wakamnyanyua kama gunia, wakamtupia nyuma ya pikapu, wakaondoka naye mbio juu ya mashimo ya barabara. Mtu aliyeumia mgongo anatakiwa aachwe palepale alipo, kichwa na shingo vishikiliwe visigeuke, na asihamishwe mpaka wapatikane wanaojua kumbeba na ubao wa kumlaza. Uti wa mgongo ulioumia ukikunjwa, kinachobaki nacho kinaweza kukatika. Nani alijua hayo pale? Hakuna. Fundi yule hakutembea tena. Alirudi Muheza, akawa anatengeneza redio akiwa amekaa, na baada ya miaka michache alifariki kwa vidonda vya kulalia. Siku ya ajali yule msimamizi aliwaambia vijana kwamba fundi hakuwa makini. Kazi iliendelea jioni ileile. Mjomba wako aliondoka pale kesho yake na hakurudi, ingawa mama yako wakati ule alimwona mjinga kwa kuacha mshahara.

Sasa, kwa nini ngazi ilimvumilia chini ikamwacha alipofika juu? Jibu ni hesabu, na ukiielewa hutapanda tena kwa kuamini kwamba mwanzo ulikuwa mzuri. Ngazi iliyoegemezwa ukutani husukumwa nje miguuni na uzito wa anayepanda, na msukumo huo huongezeka kadiri anavyokwenda juu. Ngazi iliyosimama sawasawa ni ile ambayo kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake uko mita moja kutoka ukutani. Mwinamo wake ni kama digrii 75. Mtu wa kilo 70 akifika karibu na ncha ya ngazi ya namna hiyo, anausukuma nje mguu wa ngazi kwa nguvu ya uzito wa kama kilo 17, mbali na uzito wa ngazi yenyewe. Ngazi ikilazwa mpaka mguu ukawa mita mbili kutoka ukutani kwa mita zilezile nne, msukumo unafika kilo 35. Akiwa katikati ya njia, ni nusu tu ya hapo. Udongo mkavu wenye kishimo unazuia msukumo huo bila shida. Niru yenye maji haizuii, na tofali lililosimamishwa wima linapinduka. Yaani ngazi hukudanganya kwa vipandio vyote vya chini, halafu ikakudai pale ulipo mbali zaidi na ardhi.

Ukiisimamisha wima kupita kiasi nako ni balaa, maana utarudi nayo kinyumenyume. Kipimo ni chepesi na hakihitaji futi: simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega, viganja vikifika kwenye kipandio bila kuinama wala kujivuta, mwinamo ni mzuri. Ncha ya juu izidi mahali unaposhukia kwa mita moja hivi, ili uwe na cha kushika unapokanyaga slabu na unaporudi kushuka. Ifungwe kamba juu. Kabla haijafungwa, mtu aishike chini. Ngazi ikiwa fupi, tafuta ndefu.

Turudi kwenye lile karai. Lita kumi za zege bichi zina kilo kama 24. Nchini Uingereza mwongozo wa usalama kazini unataka ngazi itumike kwa kazi nyepesi tu, isiyozidi nusu saa mahali pamoja, na mzigo usiozidi kilo 10. Kazi kubwa kuliko hiyo ni ya jukwaa. Wanasisitiza pia kwamba katika miguu miwili na mikono miwili, vitatu viwe vimegusa ngazi wakati wote. Wewe kwenye picha ile una viwili. Zege hupandishwa kwa winchi, na pasipo winchi hupandishwa kwa kamba na kapi, au kwa vibarua waliojipanga kwenye jukwaa imara wakipeana karai mkono kwa mkono. Begani kwenye ngazi si mahali pake, hata kwa elfu mbili. Hata kwa elfu ishirini.

Mengine kwa ufupi. Ngazi ya alumini usiisogeze karibu na nyaya za umeme. Nyaya za njiani nyingi hubeba volti 11,000 au 33,000, na hata za kuingia nyumbani zinaua. Kitovu chako kikivuka mhimili wa ngazi, shuka uisogeze. Panda ukiitazama ngazi na shuka ukiitazama. Usisimame kwenye vipandio vya juu kabisa. Ndala ni za nyumbani. Pombe ya jana usiku bado ni pombe asubuhi.

Utasema msimamizi hataki kuchelewa. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wa serikali, OSHA, upo kwa kazi ya kuisimamia. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 167 wa mwaka 1988 unaohusu ujenzi, linataka jukwaa imara pale kazi isipoweza kufanyika salama kutoka chini, na linatamka kwamba mfanyakazi ana haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, kisha amjulishe msimamizi wake mara moja. Hayo waliyaandika watu waliohesabu maiti. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, nyumbani, barabarani na kazini.

Tena uliza jina lako limeandikwa wapi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye ujira wa mtu. Kibarua asiye kwenye daftari lolote akianguka, ndugu zake ndio huanza kumtafutia ushahidi kwamba alikuwepo. Fundi wa Muheza alichangiwa na msikiti.

Na hili mjomba wako atalisema ingawa mama yako alimsihi asilirudie. Ulipomaliza kidato cha nne, ada ya kwenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kusomea useremala ilikuwa tayari. Baba yako ndiye aliyesema kijana hawezi kulipiwa na wajomba kama yatima, akakupeleka kwa rafiki yake anayejenga. Mjomba wako alinyamaza kwa kuheshimu ushemeji, lakini hakuafiki, na hiyo picha imempa haki ya kusema. Kijana mwenye cheti hukaa pembeni ya ngazi mbovu na kumwambia msimamizi haipandwi, akasikilizwa. Kibarua anaambiwa yuko mwingine getini anayesubiri nafasi.

Yupo kweli. Mwache apewe. Lakini kabla hujaondoka mwonyeshe na yeye kipandio kilichoinama na matofali yale, maana naye ana mama.

Jumatatu ukifika saiti, toa matofali, itafutwe ngazi inayofika, pima mwinamo, fungeni kamba, na karai lisipande begani. Wakikataa, shuka uje Tanga. Nauli itatumwa kwenye simu siku hiyohiyo. Ada ya VETA bado ipo, haijaguswa, na baba yako safari hii ataelezwa na bibi yako mwenyewe. Pokea simu.

Ni mjomba wako